KOSA LAKO LIKO UPANDE GANI?

Hotuba juu ya kuunganisha nyuzi za mwanga, iliyotolewa katika bwalo la shule Siku ya Kukutana, mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa. Mtoa hotuba alisoma hapa mchepuo wa ufundi mekanika, 1979 hadi 1982, na amestaafu baada ya kufanya kazi ya ufundi wa simu kwa zaidi ya miaka 30.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wa zamani wenzangu, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma mkiomba hotuba iwe fupi ili wali usipoe:

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Kamati iliponiandikia ilinitaka nizungumze juu ya maendeleo ya mawasiliano. Jambo hilo ni kubwa kuliko mimi. Mimi ni fundi, na fundi hupenda kuzungumza juu ya kitu anachoweza kukishika. Kwa hiyo nimekuja na kitu kimoja kidogo, hiki hapa, nacho nitakipitisha kutoka mkono hadi mkono mkione wenyewe. Jina lake ni konekta, yaani kiunganishi cha uzi wa mwanga. Nawaombeni jambo moja tu: msiiguse ile ncha nyeupe. Sababu mtaijua baadaye.

Nataka kuwaeleza jinsi kitu hiki kilivyobuniwa, jinsi kilivyonitia aibu siku moja, na kinavyohusiana na kura tutakayopiga alasiri hii.

Kwanza tuujue uzi wenyewe. Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na huku bara ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulikuwa umekwisha anza. Wengi wetu tuliona mitaro ikichimbwa kando ya barabara tukadhani unafukiwa waya mnene. Kumbe ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, na kila uzi una unene wa mikroni 125. Mikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, kwa hiyo uzi huo haufikii unene wa nywele mbili zilizolazwa pamoja.

Lakini mwanga hautumii uzi wote. Hupita katikati tu, katika kiini chenye upana wa mikroni 9 hivi. Sehemu iliyobaki ni ganda. Kioo cha kiini hupinda nuru zaidi kidogo kuliko kioo cha ganda, na kwa sababu hiyo mwanga unaojaribu kutoka hurudishwa ndani. Vijana wa fizikia mmekwisha kufundishwa jambo hilo kwa kipande cha kioo na pini nne.

Mwaka 1966 wahandisi wawili waliofanya kazi Harlow, Uingereza, Charles Kao na George Hockham, waliandika kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha, hata upotevu ukashuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, simu zitaweza kusafiri kwa mwanga. Mwaka 1970 watu watatu wa kampuni ya Corning huko Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walifikia desibeli 17. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka ule ule mkongo ulipofika pwani yetu. Siku hizi uzi wa kawaida hupoteza kama desibeli 0.2 tu kwa kilomita nzima. Tafadhali ishikeni tarakimu hiyo, maana nitairudia.

Sasa, ndugu zangu, uzi hauwezi kuwa mmoja kutoka baharini hadi mezani kwako. Hapana budi uungwe. Njiani, mahali pa kudumu, tunaziyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme zikawa uzi mmoja. Lakini ndani ya kabati la mitambo, mahali ambapo fundi lazima aweze kuchomoa na kuchomeka, tunatumia konekta. Kazi yake ni kukifanya kiini kimoja kikitazame kiini kingine, na kila ukikichomoa na kukirudisha, kikute mahali pale pale.

Makosa yanayoweza kutokea ni matatu.

La kwanza ni kuhama kando. Ncha zimetazamana, lakini kiini kimoja kimesogea. Kikisogea mikroni 1 tu, hupotea kama desibeli 0.2. Mnaikumbuka tarakimu hiyo? Maana yake ni kwamba kosa la mikroni moja ndani ya kabati linagharimu sawa na kilomita moja nzima ya kioo. Kikisogea mikroni 2, hupotea desibeli 0.8, yaani asilimia 17 hivi ya mwanga. Kosa limezidi mara mbili, hasara kwa desibeli imezidi mara nne. Mwenye kupenda hesabu ataona kuwa ni sheria ya mraba.

La pili ni kuinama. Nyuzi zikikutana kwa pembe ya digrii 1, karibu theluthi moja ya desibeli imekwenda.

La tatu ni pengo. Ncha zisipogusana, katikati huwa hewa. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani, kama asilimia 3.5 hurudi ulikotoka. Ukiingia kwenye kioo cha pili, hurudi kiasi kingine kama hicho. Hasara yenyewe si kubwa sana. Ubaya ni kwamba mwanga uliorudi huingia katika leza na kuivuruga.

Wabunifu walitatuaje matatizo haya? Miaka ya 1970, katika maabara za Bell huko Marekani, walitengeneza konekta ya umbo la pia: pia mbili zinaingia katika tundu moja kutoka pande mbili. Mawazo yalikuwa mazuri, kwa kuwa pia hujitafutia katikati yenyewe. Lakini umbo hilo lilibebeshwa kazi mbili kwa pamoja. Kadiri pia inavyozama ndivyo inavyokaa katikati, na ndivyo pia inavyoamua ukubwa wa pengo. Ukirekebisha moja unaharibu jingine. Tena iliweza kuzunguka, kwa hiyo kila ulipochomeka ulipata kipimo tofauti.

Wajapani wa kampuni ya simu ya NTT walikwenda njia nyingine, nao ndio waliotuletea konekta ziitwazo FC na SC. Hiyo mnayopitishiana ni SC, ya miaka ya 1980. Ile ncha nyeupe ni kijiti cha kauri ngumu iitwayo zirkonia, chenye kipenyo cha milimita 2.5, na mafundi tunakiita feruli. Katikati yake limetobolewa tundu linaloupokea uzi wa mikroni 125 bila kuuachia nafasi ya kucheza. Baadaye, miaka ya 1990, ikaja LC ya kampuni ya Lucent, ambayo feruli yake ni nusu ya hiyo, milimita 1.25.

Feruli mbili hukutana ndani ya kijibomba kiitwacho slivu. Kijibomba hiki kina mpasuo wa urefu wake wote, na kwa ndani ni chembamba kidogo kuliko feruli. Feruli inapoingia, mpasuo unafunguka kidogo na kijibomba kinaibana feruli pande zote kwa nguvu iliyo sawa. Kumbukeni bado hakuna aliyekigusa kiini. Wamesawazisha nje ili ndani kujisawazishe.

Hatua ya pili ilikuwa kuitenganisha kazi ya kubeba na kazi ya kulenga. Mwili wa plastiki ndio unaobeba mvuto wa kebo. Feruli imeachwa inaelea ndani yake, na nyuma yake imewekwa springi ya kuisukuma mbele. Ukivuta kebo kidogo, mwili unasogea, lakini feruli inabaki katika slivu.

Hatua ya tatu ililihusu pengo. Mtu angedhani dawa ni kuzisugua ncha ziwe bapa kabisa. La hasha. Nyuso mbili bapa haziwezi kugusana mahali pote, na chembe moja ikikaa pembeni inaziachanisha. Kwa hiyo ncha husuguliwa ziwe na mbinuko mdogo sana, kama kipande cha mpira wenye nusu kipenyo cha milimita 10 hadi 25. Vilele viwili hugusana kwanza, springi inasukuma, kioo kinabonyea kidogo mno, na hewa inatoweka. Sharti kilele kiangukie juu ya uzi, na kisipotee zaidi ya mikroni 50. Pale ambapo mwanga unaorudi ni adui mkubwa, ncha husuguliwa kwa mshazari wa digrii 8, ili kinachorudi kitupwe katika ganda badala ya kurudi kwenye leza. Konekta hizo za mshazari hupakwa rangi ya kijani, na za kawaida rangi ya bluu. Nitawaeleza punde kwa nini siwezi kuzisahau rangi hizo.

Hatua ya nne ndiyo niipendayo kuliko zote. Hata baada ya jitihada hizo zote, tundu la feruli halikai katikati kamili, wala kiini hakikai katikati kamili ya uzi. Tuseme kila upande una kosa la mikroni 1. Ukizikutanisha ovyo, bahati mbaya kosa moja likawa juu na jingine chini, umepata mikroni 2 na hasara ya desibeli 0.8. Ungeweza kusema: tutupe zote, tutengeneze nyingine zisizo na kosa. Gharama yake ingekuwa ya ajabu. Wabunifu walifanya jambo jingine. Walilipima kosa lielekee wapi, kisha wakaizungusha feruli ndani ya mwili wake, kwa hatua nne katika konekta za aina fulani na hatua sita katika nyingine, mpaka kosa likaelekea upande wenye alama. Kila konekta ikifanyiwa hivyo, makosa yote yanatazama upande mmoja. Kosa la huku likikutana na kosa la kule, viini vinakaribiana sana. Kosa halikuondoka, limepangwa.

Niliposomeshwa jambo hilo kazini, nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimelisoma hapa shuleni mwaka 1980. Wenzangu wa mchepuo wetu mnakikumbuka kile kipande cha mraba. Mwalimu wetu wa karakana, ambaye sasa ni marehemu, alitupa chuma na tupa akatuambia tuchonge kipande cha mraba kiingie katika tundu la mraba, na kigeuzwe mara nne kiingie mara zote nne bila mwanga kupenya pembeni. Wiki tatu nilisugua. Changu kiliingia kwa upande mmoja tu. Nikakipeleka kwake kwa upande huo, nikijifanya sijui mengine. Alikitoa, akakigeuza, kikakwama. Hakunichapa. Aliniuliza: "Kosa lako liko upande gani?" Sikujua. Akanirudisha mezani, akasema nisiguse tupa mpaka nimpe jibu. Nilipima siku mbili. Nilipomwambia ni kona gani na ni kwa kiasi gani, akanipa patasi nipige alama ya nukta kwenye kona ile, ndipo akaniruhusu niendelee.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwaka 2013 nilikuwa nikihudumia mstari uliokwenda hospitali moja ya bara. Kwa mstari ule walituma picha za eksirei kwa madaktari wa hospitali kubwa. Jioni moja, kwa haraka na kwa mwanga wa tochi, nilibadilisha kebo fupi ndani ya kabati. Taa ya mtambo iliwaka, nikaondoka. Kesho yake mstari ukawa unakatika na kurudi. Nikaja na kile kifaa kinachopeleka mwanga na kusikiliza mwangwi wake, nikapima kilomita zote. Uzi mzima. Nikalaumu mvua, nikalaumu wachimba mitaro, nikafungua mashimo mawili ya maungio. Siku mbili. Usiku wa pili aliletwa kijana aliyeanguka na pikipiki. Picha ya kichwa chake ilikataa kupita, ikabidi dereva aipeleke kwa gari, saa tano usiku, barabara ya vumbi. Kijana yule alipona, namshukuru Mungu. Lakini saa zile alizosubiri nilimchukulia mimi.

Kosa lilikuwa nini? Nilikuwa nimechomeka konekta ya kijani mahali pa bluu. Zinaingia bila shida, kwa maana umbo la nje ni lile lile. Ndani, ncha ya mshazari wa digrii 8 ilikuwa imeegemea ncha ya mbinuko, pengo katikati. Nilipopima mwishowe nilikuta desibeli 4 zimepotea, yaani asilimia 60 ya mwanga. Mstari ule ulikuwa mrefu wenye akiba ndogo, kwa hiyo ukawa unaishi na kufa.

Na kwa nini sikuliona kwa siku mbili? Sikilizeni vizuri, vijana. Ili niunganishe kifaa cha kupimia, ilinibidi niichomoe konekta ile ile, na nichomeke kebo ya kifaa, ambayo ilikuwa ya bluu. Kila nilipopima nilikuwa nimeliondoa kosa lenyewe. Nilipomaliza nililirudisha kwa mkono wangu. Nilipima mvua, nikapima mitaro, nikapima kazi za watu wengine. Kazi yangu sikuipima.

Tangu siku hiyo nilijiwekea desturi. Kabla ya kuondoka nasoma kipimo cha mwanga unaofika mwisho wa mstari na kukiandika, sitosheki na taa kuwaka. Natazama rangi kwa mwanga wa kutosha. Nasafisha ncha na kuitazama kwa hadubini kila ninapochomeka, kwa kuwa chembe ya vumbi ya mikroni 9 ni ndogo mno kwa jicho lakini inatosha kukifunika kiini kizima. Mafuta ya kidole pia. Ndiyo sababu ya ombi langu la mwanzo.

Msidhani kwamba ubunifu umekoma. Mahali penye vumbi jingi hutumika konekta zenye lenzi, zinazoupanua mwanga kabla ya kuvuka pengo, kisha zinaukusanya tena. Hapo chembe ya vumbi haina nguvu, na kuhama kwa mikroni moja si kitu. Lakini kuinama, hata kidogo, kunaleta hasara kubwa kuliko zamani. Umeliondoa kosa mlango mmoja, limekuja mlango mwingine. Mbunifu huchagua kosa analoweza kulitunza. Nafasi ya kuchagua bado ipo, na nadhani mmoja wenu huko nyuma anaweza kuja kuichukua.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa jambo la nne katika ajenda: michango yetu ijenge lango jipya lenye majina yetu, au ifufue karakana. Waliopendekeza lango ni rafiki zangu, na nia yao ni njema. Jana jioni niliomba ufunguo nikaingia karakana. Nilihesabu jiliwa 24. Zinazokaza ni 9. Mashine za kukerezea zimefunikwa magunia. Katika kabati nilikuta maikromita moja katika sanduku lake. Nikaifunga midomo yake mpaka mwisho, ikasoma milimita 0.03. Kijana wa kidato cha tatu aliyenifuata akaniuliza kama imeharibika. Nikamwambia milimita 0.03 ni mikroni 30, zaidi ya viini vitatu vya uzi wa mwanga. Lakini haijaharibika: andika kosa lake kwenye kifuniko, na kila ukipima, ulitoe. Alichukua kalamu akaandika. Sijui kama amewahi kuruhusiwa kuitumia.

Kijana huyo hawezi kujifunza mikroni kwa kuliangalia lango. Mimi nitapiga kura ya karakana, na iwapo itashinda, nitaleta hadubini yangu ya nyuzi na kikatio changu, na nitakuja wiki mbili kila likizo ndefu kufundisha atakayependa. Iwapo lango litashinda, nitachanga vilevile, na vifaa nitavileta.

Yeyote aliye na konekta sasa, airudishe mbele, na kifuniko chake.